Stima ikipotea, nani ameikata?

"Chamgei, Mwalimu." Ndivyo ulivyoanza ujumbe ulionifikia majuzi nikiwa nyumbani Kericho, mvua ya mawe ikipiga mabati hata sauti ya redio haisikiki. Aliyeuandika nilimfundisha isimu miaka mingi iliyopita. Ni mzaliwa wa Bomet, na kwao ni majani chai kuanzia mlangoni hadi mtoni, lakini maisha yalimteremsha hadi Kilifi na sasa ni fundi wa vyombo vya baharini. Mtoto wa mlimani kawa mtu wa maji! Alikuwa amepewa kazi ya kung'oa injini ya dizeli katika mashua ya tanga yenye urefu wa mita 10, na kuweka mota ya umeme mahali pake. Kazi ya spana, aliniambia, haimsumbui. Kilichomsumbua ni ukurasa mmoja tu, wa maagizo ya kubandikwa karibu na usukani. Kitabu cha mota kimeandikwa kwa Kiingereza, nao mabaharia wawili wa chombo hicho wanasoma Kiswahili. "Nimetafsiri, lakini naona kuna mahali panateleza. Niangalizie, Mwalimu."

Nimemwangalizia. Na kwa kuwa mambo yaliyojitokeza yanawahusu hata wale ambao hawatakanyaga mashua maishani mwao, nimeona niyalete hapa.

Tuanze na jina la injini yenyewe. Alikuwa ameiita "injini ya ziada". Nilimkatalia. Cha ziada ni kile unachoweza kukiacha nyumbani usikikumbuke. Injini ya mashua ya tanga hutumika kuingia na kutoka bandarini, hutumika upepo unapolala, na hutumika mkondo unapokusukuma kwenye mwamba. Haitumiki kila saa, lakini saa yake ikifika hakuna mbadala. Sarufi yetu ina neno la uhusiano wa aina hiyo. Tukisema "alikuwa akisoma", kitenzi kikuu ni "akisoma" na "alikuwa" ni kitenzi kisaidizi. Katika mashua, tanga ndilo kikuu na injini ni saidizi. Basi aandike "injini saidizi". Akanijibu, "Hapo umenimaliza, Prof."

La pili ni kitenzi alichokitumia kwa kazi nzima: "kugeuza injini ya dizeli kuwa ya umeme". Ukigeuza maziwa kuwa mtindi, yaliyokuwa maziwa ndiyo yale yale yaliyo mtindi. Injini hii haigeuki kuwa kitu. Inafunguliwa, inanyanyuliwa kwa winchi na kuuzwa kwa mtu mwingine, pamoja na tangi la mafuta na bomba la moshi. Kinachobaki ni shafti na rafadha yake. Panapoachwa wazi hufungwa mota, kisha betri, chaja na kifaa cha kupima umeme uendao kwenye mota. Kinachogeuzwa ni mashua. Injini inabadilishwa kwa mota. Najua wapo watakaosema nachambua unywele. Lakini mtu akiamini injini "imegeuzwa", anatarajia iliyopo iwe na tabia za ile ya zamani, na taabu yote niliyoikuta katika ukurasa ule ilianzia hapo.

Tabia hazifanani hata kidogo. Lita 1 ya dizeli hubeba takriban kilowati-saa 10 za nishati. (Serikali yetu husema "kawi", majirani wa Tanzania husema "nishati", leo nitakwenda na majirani.) Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo katika joto na moshi, na theluthi moja hivi ndiyo inayofika kwenye rafadha. Mota ya umeme haina uharibifu mkubwa namna hiyo. Hata hivyo, betri ya lithiamu ya kilowati-saa 10, yenye uzito wa kilo 70 hadi 100 hivi, inakupa kazi inayokaribiana na ya lita tatu tu za dizeli. Ndiyo maana mpango huu unafaa zaidi kwa mashua ya tanga kuliko kwa chombo kinachotegemea injini kutwa nzima. Unatoka bandarini kwa betri, unatweka tanga, upepo unafanya kazi iliyobaki. Huko Ziwa Victoria, upande wa Mbita, wavuvi wengine wameanza kutumia mota za betri kwa safari za usiku wanazozijua urefu wake. Wala si jambo geni duniani. Moritz von Jacobi aliendesha mashua ya umeme katika mto Neva, Urusi, mwaka wa 1838. Rudolf Diesel, aliyeipa dizeli jina, hakuwa amezaliwa.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nicheke peke yangu. Mwanafunzi wangu, kama Mkenya yeyote, alikuwa ameandika "stima" kila mahali: stima ya mota, kata stima, stima ya betri. Stima limetokana na neno la Kiingereza la chombo kiendacho kwa mvuke, na kamusi za zamani zinalieleza hivyo: stima ni meli ya mvuke. Mwaka wa 1900, reli ikiwa bado haijafika Kisumu, stima iliyoitwa William Mackinnon iliteremshwa katika Ziwa Victoria. Baadaye hapa Kenya jina likahama kutoka kwenye meli likaenda kwenye nyaya. Kwa hiyo mashua ya Kilifi, ikitazamwa kwa jicho la kamusi, ni chombo cha tanga kinachotiwa stima ya stima! Nilimshauri atumie "umeme". Ni neno linaloeleweka pwani yote hadi Zanzibar, na halichanganyi chombo na kinachokiendesha. Shauri hili nitalirudia mbele, maana halikukubalika kila mahali.

Lakini mahali palipoteleza hasa, kama alivyohisi mwenyewe, ni mstari wa sita. Aliandika hivi: "Zima mota kabla ya kufungua kifuniko."

Kuzima na kuwasha ni vitenzi vya moto. Kuni huwaka, tunaziwasha, kisha tunazizima. Tumevihamisha vitenzi hivi kwenye taa, gari, redio na simu, na lugha haijapata hasara. Kwa injini ya dizeli vilifaa zaidi, kwa sababu ndani yake kuna moto kweli. Ikizima, imezima. Kelele inakoma, mtetemo unakoma, moshi unakoma, na kila mtu aliye karibu anajua.

Hilo nalijua tangu utotoni. Kijijini kwetu, upande wa Bomet, kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi kilichoendeshwa kwa injini ya dizeli ya kuzungushwa kwa hendeli. Mlio wake ulivuka bonde. Mama akiusikia alijua kinu kimefunguliwa, na mmoja wetu alitumwa na gorogoro tatu za mahindi kichwani. Mlio ukinyamaza ukiwa njiani, ulijua umechelewa. Injini ile haikuweza kujiwasha. Ilihitaji mtu mwenye misuli ashike hendeli, azungushe, avute pumzi, azungushe tena.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye sasa ndiye mwenye kinu, aling'oa injini ile na kuweka mota. Stima ilikuwa imefika kijijini na dizeli imekuwa ghali. Tulimpongeza. Ikafika alasiri moja, watu wamepanga foleni, mota ikanyamaza katikati ya kusaga. Taa ya kibanda nayo ikazima. "Stima imepotea," akasema, kama tusemavyo sote. Mkanda ulikuwa umeteleza kidogo kwenye gurudumu, na kwa kuwa kila kitu kimesimama, akaona ni nafasi nzuri ya kuurudisha. Akatia mkono. Stima ikarudi.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Fundi aliyemfungia mota alikuwa ameweka swichi ya kawaida ya kushusha na kupandisha. Iko stata ambayo hujiachia yenyewe umeme unapokatika, na hata umeme ukirudi, mota haizunguki mpaka mtu abonyeze kitufe upya. Ndugu yangu hakuwa nayo na hakuambiwa kwamba ipo. Sisemi kwamba neno ndilo lililomkata vidole. Swichi ndiyo iliyomkosea. Lakini nimelifikiria sana lile neno lake, nikiwa kitandani na hata darasani.

Tazameni namna tunavyoeleza jambo hili. Tunasema "stima imepotea", nayo ikija tunasema "imerudi". Kuku hupotea na hurudi, tena kwa wakati anaoutaka yeye. Tunasema pia "stima imekatika". Hiyo ni kauli ya kutendeka: hali imetokea na mtendaji hatajwi, kama kamba iliyokatika au kikombe kilichovunjika. Tunasema vilevile "stima imekatwa", kauli ya kutendwa. Hapa mtendaji yuko hata kama hatumtaji, na mara nyingi tunamjua na tunamlaani. Kauli zote tatu ni Kiswahili safi na zote zinaweza kusemwa kuhusu kibanda kile kile chenye giza. Lakini kwa mtu anayetaka kutia mkono mashineni, hazina thamani sawa. "Imepotea" maana yake itarudi, na hujui lini. "Imekatika" maana yake hujui kwa nini. "Imekatwa" inakulazimisha uulize: na nani? Jibu moja tu ndilo linalokupa ruhusa ya kutia mkono, nalo liko katika nafsi ya kwanza: "Nimeikata mimi, na ufunguo ninao."

Kwenye mashua hakuna anayesubiri stima irudi kutoka kwenye laini, kwa sababu betri iko pale pale. Hapo ndipo "zima" inapozidi kudanganya. Mota ya umeme iliyosimama haina mlio. Ukiisimamisha kwa mkono wa kuongezea mwendo, imetulia kama jiwe, lakini bado inasubiri amri; kiwiko chako kikigusa mkono ule, rafadha inazunguka. Betri nayo haizimiki. Spana ikiangukia vichwa vyake viwili kwa pamoja, inaweza kuyeyuka mbele ya macho yako, hata kama volti ni 48 tu na hakuna anayeziogopa.

Na lipo jingine ambalo mwanafunzi wangu alilijua kama fundi lakini hakulitia katika maagizo. Sisi watu wa majani chai tunalielewa upesi. Mashamba makubwa ya Kericho yana mitambo yake ya kuzalisha umeme kwa maji ya mito: maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mtambo, kiwanda kinapata umeme. Mashua ikienda kwa tanga, maji yanayopita chini yake huweza kuizungusha rafadha vivyo hivyo, rafadha ikazungusha shafti, na mota ikazalisha umeme badala ya kuutumia. Wengine huitaka hali hiyo ili ichaji betri. Ila kwa baharia aliyeinama shimoni na waya mkononi, ina maana kwamba ameukata umeme wa betri, kweli, lakini bahari inamletea mwingine kwa mlango wa nyuma, na shafti iliyo karibu na vidole vyake inazunguka bila kuamriwa na mtu.

Kwa hiyo mstari wa sita tuliuandika upya. Tulibishana kwa simu jioni mbili. Nilitaka "rafadha", akaniambia mabaharia wake wanasema "propela" na atakayesimama kuuliza maana ya rafadha atakuwa amechelewa. Nikanywea. Profesa akishindwa na baharia kuhusu neno la bahari, si aibu. Mstari ukawa hivi:

"Kabla ya kufungua kifuniko: simamisha mota. Kata umeme kwa swichi kuu ya betri. Chomoa ufunguo uutie mfukoni mwako, si mwa mwenzako. Funga shafti ili propela isizunguke. Mwambie mwenzako: Nimeukata mimi."

Alilalamika kwamba umekuwa mrefu. Ni kweli. "Zima mota" ni maneno mawili na yale ni mengi. Lakini dizeli ilikuwa ikituambia mambo mengi kwa mlio wake, na mota haisemi kitu. Lazima ukurasa useme.

Jumamosi nilichapisha nakala moja nikaenda nayo Bomet. Ndugu yangu sasa ana stata ile ya kujiachia, na ufunguo wa swichi kuu huning'inia shingoni mwake kwa uzi wa kiatu. Aliusoma mstari wa sita mara mbili, taratibu. Akasema unafaa kubandikwa ukutani kwa kinu, tutoe tu mambo ya propela. Kisha akauliza mbona nimeandika umeme. Huku kwetu, akasema, umeme ni ule wa mvua, unaoua ng'ombe, na huo hakuna binadamu anayeukata kwa swichi. Nilianza kumweleza habari za meli za mvuke na kamusi za zamani. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akafuta "umeme" na kuandika "stima".