Mtoto Anapopasuliwa Moyo: Nani Humlinda Akiwa Usingizini?

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Mzazi ambaye mtoto wake amepata rufaa ya upasuaji wa moyo huwa na swali moja linalomkosesha usingizi: "Je, ataamka?" Leo tunaye muuguzi wa dawa za usingizi.

MUUGUZI: Hatari ipo, sitawadanganya wazazi. Lakini wengi hudhani mgonjwa hupewa nusukaputi, kisha aliyempa anaondoka. Sivyo. Mtaalamu wa usingizi hukaa karibu na kichwa cha mgonjwa mpaka mwisho. Anaangalia mapigo, presha, oksijeni na joto la mwili, akiongeza au kupunguza dawa.

MTANGAZAJI: Na ni kweli kwamba moyo husimamishwa?

MUUGUZI: Mara nyingi, ndiyo. Kwa mfano, anapobadilishwa valvu iliyoharibika, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu: inaitia damu oksijeni na kuisukuma mwilini. Daktari akimaliza, moyo hurudishwa kazini.

MTANGAZAJI: Mzazi naye afanye nini?

MUUGUZI: Kwanza, azingatie saa za kufunga. Mtu akilala kwa dawa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Hilo linaweza kuua. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Upasuaji ukiwa saa mbili asubuhi, mwisho wa kula ni saa nane usiku. Na uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Wodi ikikupa saa tofauti, fuata za wodi.

MTANGAZAJI: Mtoto akilia njaa, mama akamwonea huruma akampa vijiko viwili?

MUUGUZI: Aseme mara moja. Akisema, upasuaji utaahirishwa. Akificha, anaweza kumpoteza mtoto.

Pili, ataje dawa zote, hata za mitishamba, na hasa zile za kuzuia damu kuganda. Ataje pia homa, kikohozi, jino linalolegea, dawa inayomdhuru mtoto, au ndugu aliyewahi kupata shida kwa nusukaputi. Kama haelewi lugha ya hospitali, aombe mkalimani kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

MTANGAZAJI: Na baada ya upasuaji?

MUUGUZI: Utamkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, pengine bado amelala, ana mirija na waya. Mpira wa kupumulia ukiwa mdomoni hawezi kusema. Usiogope, mshike mkono, umwite jina lake. Ukishatolewa, atahimizwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani. Itauma, lakini ndivyo makohozi yanavyotoka na mapafu kufunguka.

MTANGAZAJI: Akirudi kambini?

MUUGUZI: Mwenye valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitali uliza: dawa nitaipata wapi, na kipimo nitafanyiwa wapi? Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au akitokwa damu isiyokoma, mpeleke zahanati mara moja.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, mtaalamu wa usingizi atamlinda mwanao kwa yale anayoyajua. Usimfiche kitu.

(Muziki wa kufunga)