Riba Ikishuka, Akiba Yako Ihamie Wapi?

Machi 2024, hati ya hazina ya siku 91 nchini Kenya ilikuwa ikilipa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2025 hati hiyo hiyo ilikuwa imeteremka chini ya asilimia 8. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilipunguza riba yake ya msingi mkutano baada ya mkutano, kutoka asilimia 13 hadi 9 kufikia Desemba 2025, na sasa kila chama na kila familia yenye akiba imelihisi punguzo hilo. Mwenye mkopo ameshukuru. Mwenye akiba anauliza pesa zake azipeleke wapi.

Wengi huanza na swali la nani analipa zaidi. Nawasihi waanze na mawili mengine: baada ya kodi na kupanda kwa bei nitabaki na nini mkononi, na pesa hizi nitazihitaji lini?

Tuseme una shilingi 100,000 kwenye akaunti ya muda maalumu inayolipa asilimia 8. Mwaka ukiisha umepata riba ya shilingi 8,000. Benki inakata kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani 1,200, unabaki na 6,800. Bei nazo hazikukusubiri. Oktoba 2025 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 4.6; kwa kasi hiyo mzigo ulionunuliwa kwa 100,000 mwaka uliopita sasa unataka 104,600. Ongezeko lako la kweli ni shilingi 2,200. Ni kidogo, lakini ni ongezeko. Pesa hizo hizo zikilala kwenye akaunti ya kawaida isiyolipa riba, umepoteza 4,600 za uwezo wa kununua, na taarifa ya benki haitaonyesha hata senti moja iliyopungua. Hasara ya namna hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mwenyewe haioni.

Wakenya waliwahi kupewa kinga ya kisheria katika jambo hili. Sheria ya mwaka 2016 iliyodhibiti riba za mikopo iliagiza pia kwamba akaunti zenye riba zilipe angalau asilimia 70 ya riba ya msingi. Benki zikawahamishia wateja wengi kwenye akaunti za miamala, ambazo hazikuguswa na agizo hilo, na mwaka 2018 agizo lenyewe likaondolewa. Tangu hapo anayeacha pesa nyingi kwenye akaunti ya matumizi anaikopesha benki bure. Acha humo za matumizi ya mwezi mmoja, basi.

Kabla ya kuzungumzia uwekezaji wowote, angalia madeni yako. Riba ya wastani ya mikopo ya benki ilikuwa bado karibu asilimia 15 mwishoni mwa 2025. Ukilipa mapema shilingi 100,000 za mkopo wa namna hiyo umeokoa takribani 15,000 kwa mwaka, na pesa ulizookoa hazikatwi kodi. Hakuna mfuko halali wa akiba wa muda mfupi unaokaribia hapo kwa sasa. Soma kwanza mkataba kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati. Mikopo ya simu, ambayo ada yake huhesabiwa kwa mwezi, ni ghali zaidi. Anayeweka akiba kwa asilimia 9 kwa mwaka huku akikopa kwa ada ya asilimia 7 au 8 kwa mwezi anarudi nyuma kila siku.

Kwa pesa ambazo huenda ukazihitaji wakati wowote, mifuko ya soko la fedha bado ni mahali pazuri. Mingine hupokea hata shilingi 100, riba huhesabiwa kila siku, na ukiomba pesa zako kwa kawaida unazipata ndani ya siku chache. Ila jua inavyofanya kazi. Meneja wa mfuko hununua hati za hazina na kuweka amana benki, kisha anawagawia wenye vipande kinachopatikana baada ya ada yake. Riba za sokoni zikishuka, mfuko huendelea kwa muda kula faida ya hati za zamani. Hati hizo zikiiva meneja anaweka pesa upya kwa kiwango cha leo, na kiwango chako kinaanza kuteremka. Kwa hiyo kiwango kinachotangazwa leo kinakueleza zaidi kuhusu jana. Uliza mambo mawili: je, kiwango hicho ni kabla au baada ya kodi ya zuio? Na hati zilizomo zinaiva lini? Mfuko unaolipa zaidi ya wenzake wote kwa mbali unastahili maswali zaidi, wala haustahili haraka.

Ambacho mwenye akiba wa kawaida hukisahau ni muda. Riba ikipanda, ni vyema kukaa na hati fupi ili kila zinapoiva unaweka upya kwa kiwango kikubwa. Riba ikishuka, hesabu inageuka: hati fupi inakurudishia pesa kila miezi mitatu, na kila mara unakuta mlango mdogo kuliko ule uliopitia. Walionunua hatifungani ya miundombinu ya Februari 2024 wanalijua hili. Serikali ilikuwa na uhitaji mkubwa wa fedha, ikatoa hatifungani ya miaka 8.5 kwa asilimia 18.46, tena bila kodi, na ikachukua takribani shilingi bilioni 241. Riba ya hati za hazina imepungua kwa nusu tangu hapo, lakini wao bado wanalipwa asilimia 18.46. Anayetaka kuingia leo kwa kununua kutoka kwao kwenye Soko la Hisa la Nairobi atalipa zaidi ya thamani iliyoandikwa, hivyo faida yake itakuwa ya leo, si ya 2024.

Usinielewe kwamba kila senti iende kwenye hatifungani ndefu. Ukilazimika kuuza kabla ya wakati, na riba ikawa imepanda, utauza kwa hasara. Kilichorahisika ni kuingia. Tangu 2023 unaweza kufungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu yako na kununua hati za hazina au hatifungani za kawaida kuanzia shilingi 50,000. Mnada wa hati za hazina hufanyika kila wiki. Mwekezaji mdogo hana haja ya kubahatisha kiwango: anawasilisha zabuni isiyo ya ushindani na kupewa wastani wa mnada.

Sacco ina hesabu yake. Ukitaka mkopo wa mara tatu ya akiba yako, thamani ya uanachama inazidi riba inayotangazwa kwenye mkutano mkuu. Lakini akiba hiyo kwa kawaida haitoki mpaka ujitoe, na haimo kwenye bima ya amana inayolinda wateja wa benki hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Hakikisha Sacco yako imo kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, na usome hesabu zilizokaguliwa kabla ya kupiga makofi mkutanoni.

Chukua mwalimu mwenye shilingi 400,000 na asiye na deni. Karo ya Januari ni 120,000, na za dharura anataka 80,000. Hizo mbili zikae kwenye mfuko wa soko la fedha, au za karo ziingie kwenye hati ya siku 91 kama tarehe zinalingana. Zile 200,000 zilizobaki ni za kiwanja anachotarajia kununua baada ya miaka mitano. Hizo ndizo za hatifungani inayoiva karibu na wakati huo, ambayo italeta riba kila miezi sita. Riba hiyo ikiingia kwenye akaunti yake ya kawaida, aihamishie kwenye mfuko siku hiyo hiyo.