Benki Zikioana, Akiba Yenu Inalala Wapi?

Nyumba nyingi za vijana waliooana karibuni zina siri, na ukizichambua vizuri utakuta nusu yake ni za hela. Hapa hatuzungumzii zile simu za saa sita usiku. Tunazungumzia ile kadi ya benki iliyojificha kati ya vitambulisho vya chuo, ile akaunti aliyoifungua kabla hamjajuana, na ile SACCOS ya kazini ambayo mwenzio anajua tu kwamba "nakatwa kidogo". Siri za namna hii zinaweza kukaa miaka bila kumkera mtu. Mpaka siku benki inapotangaza kwamba inaungana na nyingine, na wateja wote wanaombwa wafike na vitambulisho vyao kuhakiki taarifa. Siku hiyo ndipo mama watoto anauliza: "Kumbe na wewe una akaunti kule?"

Kwa sisi wa uwanda wa Makonde, jambo hili halikutokea mbali. Jirani zetu wa Tandahimba walikuwa na benki yao ya jamii, TACOBA, iliyojulikana sana kwa wakulima wa korosho. Januari 4, 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo kwa kukosa mtaji unaotakiwa: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Siku hiyo hiyo benki nyingine tatu zilipewa muda hadi Juni 30, 2018 zijipange: Benki ya Wanawake, Benki ya Ushirika Kilimanjaro na hiyo TACOBA yetu.

Angalia sasa zile tatu zilivyoishia. Benki ya Wanawake ilichukuliwa na Benki ya Posta mwezi Agosti mwaka huo huo, miezi michache tu baada ya Posta kuichukua Twiga Bancorp. Posta yenyewe ikabadilisha jina mwaka 2021 na kuitwa TCB. Zile mbili zilizobaki, ya Kilimanjaro na ya Tandahimba, mlimani na uwandani, zikaja kuungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa Benki ya Ushirika Tanzania, hii tunayoiita Coop Bank, iliyozinduliwa na Rais Samia pale Dodoma Aprili 28, 2025. Mchaga na Mmakonde, ndoa ya korosho na kahawa! Utani kando, kwa mwenye akiba tofauti ni kubwa. Waliokuwa kwenye zile benki tano walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi Sh 1,500,000, na mwenye zaidi ya hapo akabaki anasubiri mali za benki ziuzwe. Waliokuwa kwenye zile tatu waliendelea kuwa na akaunti, ila chini ya jina jingine.

Kwa hiyo ukisikia benki yako inaungana, usikimbilie dirishani kutoa kila kitu. Kuungana na kufungwa ni mambo mawili, na hofu ya kwanza huwa inatokana na kuyachanganya.

Kinachohama na kinachokwama

Tuchukulie hivi. Wewe ni mwalimu wa sekondari Newala. Mumeo ni fundi umeme, kijiwe chake kiko Masasi mjini. Mna ekari kadhaa za mikorosho ya familia kule Mkunya. Hapo tayari mna mito mitatu ya hela: mshahara unaoingia kila mwezi, hela ya ufundi inayoingia ikijisikia, na hela ya korosho inayoingia kwa msimu. Benki ikiungana, kila mto unaguswa kwa namna yake.

Salio lenyewe linahama bila wewe kunyanyua kidole. Benki inayopokea huchukua mali na madeni ya ile inayoingia, na katika vitabu vya benki akiba yako ni deni: wao wanadaiwa na wewe. Mkopo nao unahama. Kuna watu, tena wasomi, wanaoamini benki ikibadilisha jina basi deni limekufa. Wapi! Deni linahama na riba yake, na rehani iliyowekwa inahama pia. Kama ulikuwa na amana ya muda maalumu, ile uliyoifunga miezi 6 au 12, chukua cheti chako na uulize kwa maandishi kama riba mliyokubaliana itaheshimiwa hadi siku ya kuiva.

Kinachokwama ni vitu vidogo. Namba ya akaunti inaweza kubadilika, kadi ya zamani ikamezwa na mashine, menyu ya simu ikawa nyingine na makato ya mwezi yakawa mengine. Mwalimu anatakiwa apeleke namba mpya kwa afisa utumishi mapema, maana mshahara ukienda kwenye namba iliyokufa utarudi ulikotoka, na kurudi tena kwako huchukua muda wake. Mwenye duka anayekudai kila tarehe 30 hataki kusikia habari za mfumo.

Ila kwa huku kwetu penye hatari kubwa zaidi ni kwenye korosho. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara msimu wa 2007/2008, mkulima hauzi tena kwa mtu wa kwanza kufika na mizani. Anapeleka AMCOS, mzigo unakwenda ghalani, unapigwa mnada chini ya chama kikuu, TANECU kwa Newala na Tandahimba au MAMCU kwa upande wa Masasi, kisha malipo yanashuka kwenye akaunti ya mkulima. Karani wa AMCOS anatumia orodha aliyonayo. Kama kwenye orodha ile bado iko namba ya zamani, jirani zako watalipwa mnada wa kwanza na wewe utabaki unapiga simu. Na jamani, minada huanza Oktoba, wakati kila mtu ana madeni ya pembejeo na ada za shule ziko njiani. Kama muungano unatangazwa mwezi wa nane, kazi ya mwezi wa tisa ni kwenda kwa karani na namba mpya, ukae hapo hapo mpaka uone ameiandika.

Halafu kuna matapeli. Hawa ndugu zetu wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawalali, na benki zinapoungana kwao ni sikukuu. Atapiga simu kwa sauti ya upole, atakuita mteja wetu mpendwa, atasema akaunti yako inahamishwa na anahitaji namba ya siri ili usipoteze salio. Ukweli ni kwamba benki haihitaji namba yako ya siri kuhamisha chochote. Ukipigiwa, kata, kisha nenda tawini. Mwambie na mama mkwe, maana hao ndio wanaotafutwa zaidi baada ya mnada.

Hesabu ya wawili

Hapa wapenzi wengi huwa hawaangalii kabisa. Kiwango cha bima ya amana kilipandishwa kutoka Sh 1,500,000 hadi Sh 7,500,000, na kinahesabiwa kwa mtu mmoja katika benki moja. Tuseme mwalimu wetu alikuwa na milioni 6 benki moja na milioni 6 benki nyingine. Kote alikuwa chini ya kiwango, analala usingizi. Benki zile mbili zikiungana, sasa ana milioni 12 chini ya paa moja, na milioni 4.5 kati ya hizo ziko nje ya mwavuli. Hajafanya kosa lolote, hajaongeza hata senti, lakini hesabu yake imebadilika. Akiwa na mwenzi wanayeongea, wataamua pamoja: ziende benki nyingine, zinunue hati fungani za serikali, au zimalizie ile nyumba ya Masasi iliyosimama kwenye lenta.

Na akaunti ya pamoja je? Mkiwa nayo, swali la kuuliza tawini ni moja tu: saini zetu zimehamaje? Kuna akaunti ambayo mmoja wenu anatosha kutoa, na kuna ile inayotaka wote wawili. Kwenye kuhamisha taarifa, hakikisheni masharti yenu yamekwenda yalivyo. Sioni aibu yoyote kwa wanandoa kutaka saini mbili kwenye hela ya ujenzi. Wanaoona ni kutoaminiana mara nyingi ndio waliokwisha kuizoea ile hela.

SACCOS nazo zinaungana

Tumeongea benki, lakini vijana wengi wenye ajira akiba yao ya kweli iko SACCOS, na siku hizi unaiona kwenye simu yako mwenyewe bila kupanda gari kwenda ofisini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitaka SACCOS ziwe na leseni, inayotolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa niaba ya Benki Kuu. Kwa vyama vidogo masharti hayo ni mzigo, na kuungana ni njia mojawapo ya kuubeba. Tofauti na benki, huku hakuna mkubwa anayekuamulia. Wewe ni mwenye mali, na mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli. Barua ya mkutano ikija usiitumie kufungia karanga.

Kabla ya kwenda, fungua taarifa yako utazame hela zako ziko mafungu gani, kwa sababu hazifanani. Hisa ni umiliki, huzitoi kama unavyotoa hela ya nauli. Akiba ni ile unayokatwa kila mwezi, na ndiyo inayopima ukubwa wa mkopo wako, kwa hiyo ikishikilia mkopo haitoki. Amana unaiweka kwa hiari na kuitoa kwa masharti mliyoandikiana. Vyama viwili vikiungana, thamani ya hisa zenu inaweza isiwe sawa, na mmoja anaweza kuwa na mikopo mingi isiyolipika. Ulizeni pale pale mkutanoni: wenzetu wanakuja na madeni mabovu kiasi gani, na nani atayabeba? Mwenyekiti akikunja uso, uliza mara ya pili. Na mjue kwamba ile bima ya amana tuliyoisema ni ya benki. Akiba ya SACCOS haimo.

Halafu kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalovunja nyumba kuliko akaunti ya siri: udhamini. Mumeo ni mtu wa watu. Rafiki yake alitaka mkopo wa bodaboda, akamwekea saini kama mdhamini, wakapeana mikono, yakaisha. Hakukwambia kwa sababu kwake ile haikuwa hela, ilikuwa saini. Vyama vikiungana, vitabu vinasafishwa, mikopo iliyolala inaamshwa, na wadhamini wanaitwa. Akiba mliyokuwa mkiihesabu kwa ajili ya uzazi wa mtoto wa pili inageuka kuwa imeshikiliwa kwa pikipiki ya mtu mwingine, ambaye kwa sasa inasemekana yuko Msumbiji.

Usisubiri usikie dirishani. Kaeni jioni moja, zimeni televisheni, kila mtu aweke mezani kadi zake, taarifa zake za SACCOS na orodha ya watu aliowadhamini. Yatakayotoka yatauma kidogo. Dada yangu, ukigundua ana akaunti ambayo hukuijua, uliza kwanza ilikuwa ya nini kabla hujaita kikao cha wazee. Wengine waliweka hela pembeni kwa ajili ya mama yao mgonjwa, wakaona haya kusema. Na wewe kaka, mkeo akiwa na kibubu chake kwenye simu, kumbuka wanawake wengi wa huku wamemwona shangazi yao akitoka kwenye ndoa na sufuria mbili.

Jambo la mwisho la kuangalia ni jina la mrithi. Kwenye SACCOS mwanachama anaandika nani apewe hisa na akiba zake akifariki. Kwenye benki ni tofauti: jina la ndugu wa karibu kwenye fomu halimpi mtu hela, wanaomlipa ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Huku kwa Wamakonde, ambako ukoo umehesabiwa kwa upande wa mama tangu enzi na mjomba ana kauli yake, mjane mwenye watoto wadogo anaweza kujikuta anabishana na watu watatu juu ya akaunti ambayo hata namba yake haijui. Kwa hiyo mkienda tawini au ofisi ya SACCOS kuhakiki taarifa, ombeni na fomu ya mrithi muione kwa macho. Wengi waliijaza wakiwa na miaka 23, wiki ya kwanza kazini, wakaandika jina lililokuwa moyoni wakati ule. Kama lililoandikwa mle ni la yule dada wa Mtama wa enzi za chuo, utachagua mwenyewe: umweleze mkeo mkiwa nyumbani, au mkiwa wa nne kwenye foleni.