Samaki wa Mweru na Mtoto Anayefundishwa Nyumbani

Mwaka 1966, Zambia ikiwa na uhuru wa miaka miwili hivi, serikali ilitoa kanuni zilizomtaka kila mwanafunzi aimbe wimbo wa taifa na kuipigia bendera saluti. Binti mmoja wa shule ya msingi huko Mufulira, mtoto wa Mashahidi wa Yehova, alikataa, akasimamishwa masomo. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu mwaka uliofuata, mbele ya Jaji Mkuu Blagden, na binti akashindwa: kanuni zile, ilisemwa, hazikuivunja katiba. Maelfu ya watoto wa Mashahidi walijikuta nje ya darasa miaka ile. Wazazi wao wakafanya walichoweza. Waliwafundisha nyumbani na katika Majumba ya Ufalme, kitabu kikuu kikiwa Biblia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia elimu ya nyumbani ya kidini siku hizi, picha inayotujia ni ya familia yenye kompyuta na uwezo, Nairobi au Lusaka, inayoagiza vitabu kutoka Marekani. Kumbe kwa Zambia jambo hili ni la zamani, na mkoa wa Luapula unalijua vizuri, kwani Mashahidi wamekuwa wengi huko tangu ukoloni. Puta, nchi ya chifu wa Wabwile kaskazini ya Nchelenge, ukielekea mpaka wa Kongo na mji wa Pweto, imo katika ukanda huohuo, kando ya ziwa Mweru. Ufukweni pale kanisa ni jirani wa kila mtu, na mara nyingi makanisa ni mengi kuliko madarasa.

Sasa, kusoma na kuandika mzazi anaweza kumfundisha mwanawe kwa kitabu kimoja na kipande cha makaa. Sayansi je? Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo, na ubishi huu umetufikia ukiwa umevaa nguo za watu wengine.

Marekani ugomvi ulikua hivi. Wazazi Wakristo wa mrengo mkali walitaka shule za umma zifundishe uumbaji wa Mwanzo sambamba na nadharia ya mageuko ya viumbe. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka Louisiana, ilisema sheria ya kulazimisha hivyo ni kuingiza dini katika shule ya serikali. Kadiri mlango wa darasa la umma ulivyofungwa, wazazi waliotaka mafundisho hayo waligeukia shule za makanisa na meza za jikoni. Mfumo wa vijitabu wa ACE, ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ulikuwa tayari: mtoto anakaa peke yake, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, anajisahihisha, anasonga mbele. Vijitabu hivyo vilisafiri hadi Afrika. Toleo moja la zamani la somo la biolojia lilimtaja hata yule mnyama wa ziwa la Loch Ness, Scotland, kama hoja dhidi ya Darwin. Nadhani mvuvi yeyote wa Mweru angeomba aonyeshwe nyavu kwanza.

Ukiuelewa mtambo huo, utaona kwamba Zambia haina gurudumu lake kuu. Frederick Chiluba aliitangaza nchi kuwa taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991, na tamko hilo likaingizwa katika utangulizi wa katiba mwaka 1996. Shule ya serikali ina somo la dini, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na mitaala miwili, 2044 na 2046, huu wa pili ukiegemea zaidi Biblia yenyewe. Mzazi anayetaka Neno darasani hana haja ya kumtoa mtoto, Neno limo. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, hali imekwenda mbali zaidi: tangu mkataba wa mwaka 1977 sehemu kubwa ya shule za umma huendeshwa na makanisa yenyewe, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Kwa hiyo anayehamishia Luapula hoja za Texas bila kuzipima anapigana na adui asiyekuwepo.

Kenya walipata vyote viwili, ugomvi wa mageuko na ugomvi wa elimu ya nyumbani. Mwaka 2006, makumbusho ya taifa Nairobi yalipokuwa yakijiandaa kuonyesha mifupa ya yule kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu hivi, Askofu Boniface Adoyo aliongoza sauti za makanisa ya kiinjili zilizotaka mifupa hiyo isiwekwe mbele kama ushahidi wa asili ya binadamu. Richard Leakey alimjibu kwa ukali wake wa kawaida. Maonyesho yakafanyika. Miaka kumi na mitatu baadaye baba mmoja nchini humo alikamatwa kwa kuwafundisha watoto wake nyumbani, na ombi likapelekwa Mahakama Kuu kuipinga Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayomtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Ombi lilikataliwa mwaka 2021. Katika mabishano yote yaliyofuata, wengi waliuliza nani ana haki juu ya mtoto, serikali au mzazi. Wachache waliuliza mtoto yule atajifunza nini kuhusu damu yake, maji anayokunywa au mdudu anayemuuma.

Mtazamo wangu uko hapo. Mahali anapofundishiwa mtoto panapewa uzito kupita kiasi. Katika sayansi mtoto anahitaji mambo mawili: kitu cha kushika na sauti ya pili. Kitu cha kushika ni ushahidi anaoweza kuupima mwenyewe. Sauti ya pili ni mtu mwingine, nje ya anayemfundisha, anayeweza kumwambia kwamba amekosea, au kwamba mwalimu wake amekosea.

Tuipime shule ya serikali ya ufukweni kwa kipimo hicho. Kwa mujibu wa mtaala wa Zambia wa mwaka 2013 mtoto wa darasa la kwanza hadi la nne alisoma sayansi kwa lugha ya mkoa, ambayo Luapula ni Kibemba, kisha darasa la tano akahamia Kiingereza. Mtoto wa Puta ambaye nyumbani anaongea Kibwile amevuka mito miwili kabla hajaanza kuuliza swali. Mwaka 2022 serikali ilifuta ada hadi mwisho wa sekondari, jambo jema kabisa, ila madarasa yakafurika na maabara hazikuongezeka kwa kasi ileile. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi huandika ubaoni, nao hunakili. Ukiliondoa jengo, mtoto huyo anayenakili maelezo ya usanisinuru hatofautiani sana na yule wa vijitabu anayejaza nafasi wazi. Wote wawili wanapokea. Sheria inayomkamata baba kama yule wa Kenya huku ikiliacha darasa la namna hiyo kama lilivyo haijajali sayansi; imejali mahudhurio.

Na hapa ndipo Mweru inapoingia, kwa sababu kitu cha kushika kimejaa vikapuni.

Desemba 2019 watafiti wakiongozwa na Joana Meier walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti juu ya samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa hao wanaouzwa sokoni Kashikishi, Nchelenge, kwa jina la makobo. Walilinganisha maziwa mawili, Bangweulu na Mweru, yaliyounganishwa na mto Luapula wenye maporomoko na maji ya kasi pale Mambilima. Bangweulu ilikuwa na koo chache za samaki hao, kwa hiyo washindani walikuwa wachache, na mtu angetarajia kwamba huko ndiko spishi mpya zingezaliwa kwa wingi. Haikuwa hivyo. Samaki wa Bangweulu walibaki walivyo. Lakini wenzao wa koo zilezile walioingia Mweru walikuta samaki wa asili ya upande wa Kongo, wakazaana nao, na kutokana na mchanganyiko huo zikachipuka jamii nyingi kwa haraka, zikagawana ziwa: huyu mla samaki wenzake, huyu wa konokono, huyu wa vijidudu vya majini, kila mmoja na mdomo na meno yanayofaa riziki yake.

Maelezo ya watafiti ni haya. Uteuzi asilia haumbi kutoka patupu. Huchagua miongoni mwa tofauti zilizopo. Mzao wa koo mbili zilizotengana muda mrefu hurithi tofauti nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ziwa jipya likitoa nafasi, kuna cha kuchaguliwa. Panapokosekana tofauti, nafasi hubaki nafasi tu. Hayo ni miongoni mwa maelezo bora tuliyonayo leo kuhusu jinsi spishi zinavyozaliwa haraka, na yamepatikana katika maji ambayo watoto wa Puta na Nchelenge huogelea.

Mtoto wa mvuvi anajua nusu ya somo hili kabla ya kwenda shule. Anajua kwamba samaki aitwaye pale hakai anapokaa makobo, na kwamba dagaa waitwao chisense huvutwa usiku kwa taa. Kumpa visu viwili na samaki watatu wa aina tofauti, kumwambia afungue midomo na matumbo aone nani anakula nini, hakuhitaji maabara wala mafuta ya jenereta. Wala hakumlazimishi mzazi kuacha imani yake. Wapo Wakristo wengi wasioona mgongano wowote: Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu katika waraka wa mwaka 1950, na Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko imekuwa zaidi ya dhana tu. Mashahidi wao wanaikataa. Na waikatae, lakini wakiwa na samaki mkononi, na mtoto akiwa na ruhusa ya kuuliza.

Mtu atasema mageuko ni habari za kale, hazimhusu mtu anayetafuta unga. Nchelenge inamjibu. Wilaya hiyo ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali zaidi Zambia, ndiyo maana watafiti wa Johns Hopkins na wa kituo cha magonjwa ya tropiki cha Ndola wamefanya kazi huko kwa miaka mingi. Mbu mkuu ni Anopheles funestus. Nyumba zilipulizwa dawa za kundi la pairethroidi, mbu wasiozistahimili wakafa, wachache waliozistahimili wakazaa, na baada ya muda dawa ikawa butu. Wapuliziaji wakalazimika kutumia nyingine. Huo ni uteuzi asilia, ukutani mwa chumba cha kulala. Muumini na asiyeamini wanalala chini ya ukuta uleule.

Malaria inatufikisha penye uzito halisi, ambako siwezi kuwa mpole. Mtoto mdogo mwenye malaria kali anaweza kuishiwa damu kiasi kwamba tiba inayobaki ni kuongezewa. Mashahidi wa Yehova hawakubali kuongezewa damu. Nyumba ya Mashahidi inaweza kumfundisha mtoto vizuri kabisa juu ya mbu, chandarua na maji safi. Machapisho yao huandika sana habari za afya. Ila kuhusu damu mtoto huyo atasikia upande mmoja, kutoka kwa watu anaowapenda na kuwaamini kuliko wote. Akienda shule, walau atakaa dawati moja na mtoto ambaye mdogo wake alipona kwa damu ya mjomba katika hospitali ya St Paul's, Nchelenge. Sauti ya pili ni hiyo. Serikali ikitaka hoja ya kumtetea mtoto dhidi ya mzazi, hii ina nguvu kuliko wimbo wa taifa wa mwaka 1966.

Hata hivyo tusisahau kwamba hospitali hiyo ilianzishwa na Wakatoliki, na kwamba shule za mwanzo za bonde la Luapula, kama Mbereshi ya London Missionary Society ambako Mabel Shaw alianza kazi yake na wasichana mwaka 1915, zilikuwa za misheni. Hadubini na misalaba viliingia kwa mtumbwi mmoja. Anayesema dini iliua sayansi ziwani hapa hajauliza nani aliileta.

Tanzania imelitatua suala hili kwa namna isiyovutia magazeti. Seminari za Kikatoliki na za Kiislamu zinasali zinavyotaka, kisha watoto wao wanafanya mtihani uleule wa taifa wa NECTA, na biolojia ya kidato cha nne ina mada ya mageuko. Mwanafunzi anaijibu, moyoni anaamini anachoamini. Kipimo kinatoka nje, malezi yanabaki ndani. Zambia nayo ina njia kama hiyo: Baraza la Mitihani hupokea watahiniwa wa kujitegemea. Mtoto aliyefundishwa nyumbani Puta anaweza kupimwa bila baba yake kupelekwa polisi. Kikwazo ni sayansi ya vitendo, kwa kuwa mtihani huo unadai kituo chenye vifaa, navyo ni vichache ufukweni, kwa watoto wa shule na wa nyumbani vilevile.

Kwa hiyo ningeanza na kikwazo hicho kabla ya kugusa sheria. Jumamosi moja kwa mwezi, chumba kimoja cha shule ya sekondari kifunguliwe kwa mtoto yeyote, awe na sare au asiwe nayo, mwalimu wa biolojia alipwe posho yake, na kila kanisa litangaze. Mzazi anayefundisha nyumbani aketi nyuma asikilize akitaka. Uvuvi wa Mweru hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari. Machi nyavu zinarudi majini, muhula wa kwanza ukiwa katikati, na samaki wa kupasua hawatapungua.