Barua Pepe Imetumwa, Mbona Haijafika?

Mwezi uliopita nilimtembelea rafiki yangu mwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Nilimkuta amefura. Alituma bei za zabuni kwa barua pepe siku mbili kabla ya mwisho, lakini wenye zabuni wakasema hawakuona kitu. Kazi ikaenda kwa mwingine. Kijana wake wa kompyuta alikuwa amekwishaandikiwa barua ya kuachishwa kazi, ilingoja sahihi tu.

"Subiri kwanza, bwana," nikamwambia. "Tuuulize mtambo wenyewe."

Wengi wetu hudhani kuwa barua ikishaondoka kwenye skrini basi imefika. La hasha. Kompyuta yako huikabidhi kwa seva ya ofisi, nayo huiweka kwenye foleni. Kisha seva hiyo hutafuta seva ya mpokeaji, hubisha hodi mlango namba 25, na mitambo hiyo miwili huzungumza kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao Jon Postel wa Marekani aliuandika mwaka 1982. Kila jibu hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, barua imepokelewa. Ikianza na 4, maana yake ni "rudi baadaye", na seva itaendelea kujaribu, mara nyingi kwa siku nne au tano. Ikianza na 5, umekataliwa, na mtumaji hurudishiwa taarifa. Yote haya huandikwa katika kumbukumbu za seva, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kumtafuta mchawi. Usipokuta namba yoyote, pengine mwenye huduma ya intaneti ameufunga mlango ule wa 25. Itabidi barua zako zipitie kwenye seva yake.

Kijana alifungua kumbukumbu, mikono ikimtetemeka. Tukakuta 550, na sababu yake: anwani ya seva yetu imo katika orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa barua taka. Tukatazama foleni. Maelfu ya barua za kuuza dawa, zote zikitoka kwa jina la bosi! Neno lake la siri lilikuwa jina la kampuni na 123, na kijana alikwishamwomba mara mbili alibadilishe. Taarifa za kukataliwa zilimjia yeye bosi kwa mamia, akawa anazifuta bila kuzisoma, ile ya zabuni ikiwamo.

Bosi alinyamaza kwa muda.

Dawa ina mpangilio wake. Kwanza badili neno la siri na usafishe foleni. Baadaye ndipo uombe kuondolewa kwenye orodha. Ukiomba mapema utarudishwa humo humo. Kisha kagua vitambulisho. Anwani ya seva iwe na jina linalolingana nayo. SPF hutaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kampuni. DKIM ni mhuri wa kila barua. DMARC humweleza mpokeaji afanye nini vitu hivyo visipolingana. Tangu Februari 2024 Google hudai angalau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na vyote vitatu kwa wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wateja wake. Hata hivyo, barua iliyopokelewa yaweza kutupwa kwenye jalala la barua taka, na kumbukumbu zako hazitakuambia.

Zabuni haikurudi. Barua ya kuachishwa kazi ilichanwa, na neno jipya la siri amelitunga kijana. Zabuni nyingine inafungwa mwezi ujao. Rafiki yangu anasema ataituma kwa barua pepe, kisha atapiga simu kuuliza kama imefika.