Usikubali Kufomati Upesi!

Mama alipokuwa hai, mdogo wangu wa Korogwe alirekodi sauti yake akituombea wanawe. Baada ya mazishi aliitia pamoja na video za harusi kwenye diski ya nje, nami nikaja nayo Handeni kwa basi, nimeizungushia khanga kama yai.

Nilipoichomeka kwenye kompyuta yetu ya Windows, ilitaka diski ifomatiwe kwanza. Mume wangu alikwisha shika kipanya. "Baba watoto, ngoja!" Namshukuru Mungu kwa neno lile, maana kufomati ni kuifuta diski.

Akina mama, diski ilikuwa nzima. Mdogo wangu hutumia kompyuta ya Mac, na diski ilipangwa kwa utaratibu wa Mac ambao Windows haiusomi. Ile ya Windows iliyopangwa kwa NTFS, Mac huisoma tu, haiongezi kitu.

Ikabidi nirudi Korogwe. Tulihamishia faili zote kwenye Mac, tukazifungua moja moja kuhakikisha (wengi huruka hapa, kisha hulia), ndipo tukaifomati diski kwa exFAT inayoeleweka kote kuwili, tukazirudisha. Nakala tuliiacha kwa mdogo wangu. FAT32 ya zamani nayo husomwa kote, ila haipokei faili moja inayozidi GB 4. Video ndefu ya harusi hugoma. Na usichomoe diski kabla ya kuiamuru kompyuta iitoe.

Jioni niliporejea tulimsikia mama, akimtaja kila mmoja kwa jina. Mume wangu akaenda kukaa nje.