Je, Wajua? Farasi wa Mbao wa London

Kila Sikukuu, watoto wa Unguja humiminika Mnazi Mmoja kupanda pembea. Watoto wa London nao wana yao: pembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao.

JE, WAJUA kuwa jina lake la Kifaransa, carrousel, lilikuwa la michezo ya wapiganaji waliopanda farasi? Mwaka 1662 Mfalme Louis XIV aliandaa mchezo huo Paris, na uwanja wake hadi leo unaitwa Place du Carrousel.

JE, WAJUA kuwa mwanzoni pembea hizi zilisukumwa na watu au kuvutwa na farasi wa kweli? Injini ya mvuke ilishika kazi hiyo miaka ya 1860. Frederick Savage wa King's Lynn, fundi wa mashine za kilimo, alipata umaarufu kwa kuunda pembea za mvuke.

JE, WAJUA kuwa pembea za Uingereza huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa, na za Marekani kinyume chake? Mwingereza hupanda farasi kutoka kushoto, basi ubavu wa kushoto ndio unaotazama nje, na ndio unaopewa nakshi nzuri zaidi.

JE, WAJUA kuwa farasi hawa wana uwazi tumboni? Vipande vya mbao huunganishwa kwa gundi kisha huchongwa, ili farasi awe mwepesi. Wengi huandikwa jina shingoni, na mikia yao ya zamani ilikuwa ya manyoya ya farasi wa kweli.

JE, WAJUA kuwa pembea ya sikukuu iliingia katika sanaa kubwa ya London? Mark Gertler, mzaliwa wa Spitalfields aliyepinga vita, alichora mwaka 1916 wanajeshi na wanawake wakizunguka juu ya farasi, vinywa wazi, wasiweze kushuka. Wazo alilipata kwenye pembea za Hampstead Heath. Picha hiyo iko katika jumba la sanaa la Tate.

JE, WAJUA kuwa pembea iliyoundwa na Tidman wa Norwich mnamo 1895 hivi ilizunguka bustani za London hadi karne hii? John na Anna Carter waliinunua miaka ya 1970, wakaifufua, wakaijengea tamasha zima, Carters Steam Fair. Familia hiyo ilikomesha safari zake mwaka 2022.

JE, WAJUA kinachowaua farasi hawa? Unyevu hulegeza gundi, mbao hupasuka, rangi hubanduka. Fundi huondoa rangi kuukuu tabaka kwa tabaka, huziba nyufa, hupiga msasa, hupaka rangi upya, kisha hubandika dhahabu nyembamba kwa brashi laini.

JE, WAJUA kuwa historia yao ina ghala lake? Tangu 1994, Chuo Kikuu cha Sheffield kinahifadhi picha, mabango na kumbukumbu za watu wa pembea na sarakasi wa Uingereza.

Ukweli ni mmoja: mbao haijitunzi. Farasi wa 1895 wameishi kwa sababu kila kizazi kilipata mtu aliyejua kuchonga, kupaka na kuwasha mvuke. Kama mtaani kwenu yupo mzee anayeunda pembea za Sikukuu, mpelekee kijana ajifunze kwake mapema.